Kilichozoeleka Hakitangazwi

  Leo tunazungumzia kitu ambacho kila mmoja wetu anatembea nacho: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, ile tuliyofundishwa shuleni kuiita milango mitano ya fahamu. Nina hoja moja tu, nami nitairudia mara kwa mara ili hata aliyefungua redio katikati aipate. Hoja yenyewe ni hii: kazi kubwa ya milango yetu ya fahamu ni kutuarifu kilichobadilika. Kisichobadilika, au kinachobadilika polepole mno, huachwa kando, na huachwa makusudi. Humo, msikilizaji, mna rehema kubwa, na mna hatari kubwa pia. Tutaanza na rehema, tuone ushahidi wake, tuwajibu wenye kupinga, halafu tufike kwenye hatari.

Tuanze hapa nyumbani. Mchukue mgeni aliyeshinda ufukweni, saa saba mchana, jua la utosi na mchanga mweupe unaochoma macho. Anapelekwa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa zile kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Anafungwa kaniki kiunoni, kama inavyotakiwa, anaingia chini ya miti. Hatua chache tu na macho yamemsaliti: mizizi inamkwaza, mwamba wa matumbawe unamgonga vidole, vivuli vyote vimeungana kuwa giza moja. Lakini anayemwongoza, aliyekuwa humo kivulini tangu asubuhi, anamwona mpaka sisimizi anayepanda gome. Nani kati yao anauona msitu ulivyo? Mwanga ni uleule, mahali ni palepale. Tofauti imo nyuma ya jicho. Huko kuna utando mwembamba uitwao retina, wenye seli za aina mbili. Aina moja hufanya kazi penye mwanga mwingi, nayo ndiyo hutupambanulia rangi. Aina ya pili, ambayo seli zake ni nyingi zaidi, ni ya mwanga hafifu. Ndani ya seli hizo mna kemikali inayopauka ikipigwa na mwanga mkali, na ikishapauka lazima itengenezwe upya. Mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini kemikali hii haikimbizwi. Kwenye giza hasa huchukua kama nusu saa kurudi kamili. Inatengenezwa kwa vitamini A, ile ya maembe, mapapai, mchicha na maini, na ndiyo maana mtoto anayeikosa huanza kwa kujikwaa jioni. Mgeni wetu akisubiri, msitu utamfungukia kidogo kidogo. Akitoka nje tena, mchanga uleule aliokuwa akitembea juu yake bila shida utamfumbisha macho. Jicho linampimia tofauti kati ya mwanga wa sasa na ule lililouzoea, na tofauti hiyo ndiyo anayoiita giza au mwangaza.

Kama huniamini kwa macho, niamini kwa mikono, maana jaribio hili unaweza kulifanya jikoni kwako leo. Weka mabeseni matatu. La kwanza lina maji ya moto ya kuvumilika, la pili maji ya barafu, la tatu maji ya kawaida ya mtungi. Tia mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, ukae hivyo dakika moja au mbili, kisha itie yote miwili katika beseni la mtungi kwa pamoja. Mkono uliotoka motoni utakuambia maji haya ni baridi. Uliotoka barafuni utakuambia yana uvuguvugu. Maji ni mamoja, beseni ni moja, mwenye mikono ni mmoja, na bado una habari mbili zinazopingana. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika kuhusu maji haya zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na hayajawahi kumtia aibu. Ngozi haina kipimajoto cha kusoma nambari. Inachoarifu zaidi ni kwamba joto limepanda au limeshuka kuliko lilivyokuwa.

Pua ndiyo nyepesi zaidi ya kuzoea. Pita jioni mahali akina mama karanga wanapokaanga samaki, au panapoanikwa ng'onda. Wewe mpita njia harufu inakupokea kabla hujafika. Mwenye karai haisikii kabisa, wala hajifanyi. Lakini mafuta yakianza tu kuungua, yeye ndiye wa kwanza kugeuka. Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo hoja yote ilipo. Pua ileile isiyosikia harufu nzito ya samaki imekamata harufu ndogo ya mafuta yanayoanza kuungua. Haijafa ganzi. Imeiondoa harufu ya samaki kwenye hesabu ili ile mpya ipate nafasi. Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha utando chenye seli za kunusa. Linda Buck na Richard Axel, Wamarekani waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ndio waliotuonyesha jinsi seli hizo zinavyogawana kazi, kila moja na aina yake ya kipokezi, na binadamu ana aina zipatazo mia nne. Harufu moja ikiendelea kuzipiga seli zilezile, seli hupunguza kujibu, na ubongo nao hupunguza kusikiliza. Zile ambazo hazijaguswa bado zinasubiri. Ulimi nao ni hivyo hivyo. Kula halua kwanza, kisha unywe chai yako ya kila siku, utaapa aliyeipika amesahau sukari.

Halafu usidhani milango ni mitano tu. Hesabu hiyo ni ya kale, ya zama za Wagiriki, na leo wataalamu huongeza mingine: wa kujua mkono wako uko wapi hata ukiwa umefumba macho, wa maumivu, wa joto na baridi, wa njaa na kiu, na ule wa kusawazisha mwili, ambao mgema aliye juu ya mnazi anautegemea kuliko macho yake. Huo wa mizani umo sikioni. Mbali na sehemu ya kusikia, kila sikio lina vijifereji vitatu vya nusu duara vilivyojaa majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanabaki nyuma kidogo, yanainamisha vinywele vidogo vya seli, nawe unajua umegeuka. Ukiendelea kuzunguka kwa mwendo uleule, majimaji yanakufikia, vinywele vinasimama wima, na habari inakatika. Watoto wanalijua hili bila kufundishwa: hujizungusha, husimama ghafla, halafu huanguka wakicheka, kwa sababu mwili umesimama na majimaji bado yanaenda. Mtalii anayetoka Shimoni kwenda Kisite naye hutapika kwa sababu ya mlango huohuo. Sikio linamwambia anarushwa juu na chini, macho yaliyokodolea sakafu ya mashua yanamwambia ametulia, na ubongo haujui umwamini nani. Nahodha mzoefu humwambia atazame mbali, bahari inapokutana na mbingu, macho na sikio vipate kusema lugha moja. Na kuna kubwa kuliko hilo. Kinondo iko karibu na ikweta, kwa hiyo hivi sasa Dunia inatuzungusha kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, sisi na minazi yetu. Umehisi nini? Hakuna. Mwendo usiobadilika hauna habari ya kutoa.

Sasa turudi kwenye jicho, kwa kuwa jicho ndilo watu wanalolitetea zaidi. Mtu atakubali kwamba pua huzoea, lakini atasema, "Macho yangu yanaona kilichopo." Hebu chukua karatasi. Upande wa kushoto chora msalaba mdogo, na upande wa kulia, mbali nao kwa upana wa kiganja, chora doa jeusi. Funga jicho la kushoto, ukazie msalaba kwa jicho la kulia, uisogeze karatasi polepole kuja usoni na kurudi nyuma. Ikifika karibu na urefu wa rula moja kutoka jichoni, doa litatoweka. Limekwenda wapi? Limeangukia pale ambapo neva inatoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, na pale hapana seli ya kuona hata moja. Shimo hilo unalo katika kila jicho tangu uzaliwe. Hujawahi kuliona kwa sababu ubongo hulijaza kwa kubahatisha kutokana na kilicho pembeni: karatasi nyeupe, basi na hapo ni peupe. Zaidi ya hayo, mishipa midogo ya damu imetanda mbele ya retina yenyewe, na kivuli chake kinaiangukia mchana kutwa. Hatukioni, kwa kuwa hakisogei. Wanasayansi walipobuni, miaka ya 1950, njia ya kulifanya umbo moja likae palepale kwenye retina popote jicho liendapo, watu waliojaribiwa waliliona umbo hilo likififia na kupotea kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana macho yetu, hata tunapodhani tumekodoa, hutetema kidogo kidogo bila kukoma. Yakitulia kabisa, tutapofuka tukiwa tunatazama.

Jambo hili si geni kama linavyosikika. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona huko Kairo karibu miaka elfu moja iliyopita, aliwapinga waliodhani kwamba jicho hutoa miale ya kwenda kugusa vitu. Alionyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni, kisha akaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: kwamba mengi tunayodai kuyaona ni hukumu inayopitishwa na akili, haraka kiasi kwamba hatuitambui kuwa ni hukumu. Kwa hiyo wanasayansi wa leo hawakuleta uzushi. Walichoongeza ni mitambo ya kuionyesha hukumu hiyo ikipitishwa.

Na kwa nini tumeumbwa hivi? Jibu lipo katika chombo hiki mnachokisikiliza. Taarifa ya habari ya saa moja haikuambii kwamba Bahari ya Hindi bado ipo, kwamba Msambweni haijahama, kwamba jua limechomoza mashariki. Ingesema hayo yote, ajali ya barabarani isingepata nafasi. Ubongo nao una nafasi finyu. Kila sekunde ngozi yako yote inagusana na kitu: leso, kanzu, kiti, upepo wa kusi. Kama yote yangetangazwa kwa sauti ileile, usingeweza kutambua kwamba kuna siafu anapanda mguuni. Anayeishi karibu na ufukwe hasikii wimbi likivunjika mwambani usiku, akalala. Jenereta ya jirani ikizimika, anaamshwa na kimya. Hiyo ndiyo rehema niliyoitaja. Kuzoea ni kazi ambayo hisi zinaifanya, na zinaifanya vizuri sana.

Wapo watakaopinga, tena kwa haki. Wa kwanza atasema: mbona wapo watu ambao hakuna kinachowapita? Mzee wa kaya anautambua mti kwa kukwangua gome na kunusa. Mvuvi anatazama rangi ya maji akajua penye mwamba na penye mchanga. Je, hao hawakuzoea? Wamezoea, tena kuliko sisi, na ndiyo sababu ya ustadi wao. Retina ya mvuvi haina seli za ziada. Alichonacho ni miaka mingi ya kuijua bahari ya kawaida kiasi kwamba isiyo ya kawaida inamrukia machoni. Mgeni anaona buluu tupu. Mvuvi anaona buluu iliyogeuka kidogo. Tazama pia wanafunzi wa shule ya wasioona ya Likoni wanaposoma kwa nukta za Braille. Kidole kikiwekwa juu ya nukta kikatulia, kinapoteza habari upesi; kikisafiri juu ya mstari, maneno yanakuja. Lazima kisogee ili kuwe na mabadiliko ya kuarifu. Na uchunguzi wa ubongo umeonyesha kwamba kwa watu waliokosa kuona tangu utotoni, sehemu ya ubongo ambayo kwetu hushughulikia kuona hushiriki wanaposoma kwa vidole. Mazoezi, basi, hufunza usikilizaji wa ubongo. Sheria ya kuarifu mabadiliko inabaki palepale.

Wa pili ana hoja ngumu zaidi. Atasema: kama hisi huzoea kila kitu, mbona jino likiuma halizoeleki? Linauma Jumatatu, linauma Ijumaa, na usiku ndiyo zaidi. Huyu ana haki, nami sitamzungusha. Maumivu ni mlango wa pekee. Neva zake hazizoei kwa urahisi. Mara nyingine huzidi kuwa nyepesi kadiri jeraha linavyoendelea, ndiyo maana ngozi iliyoungua jua huumia hata ikiguswa na maji ya uvuguvugu. Hata pilipili inatumia mlango huohuo. David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, alitumia kile kiini cha pilipili kiitwacho kapsaisini kukitafuta kipokezi kinachotuarifu joto la kuunguza, akakipata, na ikawa ni kimoja kwa vyote viwili. Kwa hiyo unaposema pilipili inachoma, neva zako zinasema vivyo hivyo, ingawa hakuna moto. (Na maji hayakusaidii, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri majini; maziwa au tui la nazi litakufaa zaidi.) Lakini angalia ugeni huu wa maumivu unatufundisha nini. Mlango huu umenyimwa ruhusa ya kuzoea kwa sababu kazi yake ni kutaja madhara, na madhara yakinyamaziwa mtu anapotea. Tunajua hivyo kwa kuwatazama waliopungukiwa nao. Huko Tumbe, Msambweni, walitunzwa kwa miaka wagonjwa wa ukoma. Watu walidhani ukoma hula vidole. Vijidudu vyake hushambulia neva, mkono unakosa hisia ya maumivu, mtu anashika sufuria ya moto asijue, anakanyaga msumari akatembea nao, na majeraha yasiyolalamika ndiyo yanayomaliza vidole. Ukoma leo una dawa na unatibika. Ila kisukari kimechukua nafasi hiyohiyo miguuni mwa watu wengi wa pwani, na wengi wao bado wanatembea pekupeku.

Wa tatu atauliza: basi tumedanganywa maisha yetu yote, na hakuna tunachokijua? Hapana, na hapa watu huvuka mpaka kwa pupa. Mkono uliotoka barafuni unakosea kiasi cha joto, lakini haukosei kwamba maji yapo. Jicho linajaza shimo lake kwa kubahatisha, lakini jicho la pili linaliona doa lile, na mkono unaweza kuligusa. Tumepewa milango mingi ili ihakikiane. Anayenunua samaki sokoni hatosheki kwa kutazama. Anafunua shavu aone wekundu, anabonyeza nyama aone kama inarudi, ananusa. Mashahidi watatu kwa samaki mmoja. Udhaifu unakuja pale ambapo jambo linabadilika polepole kiasi kwamba mashahidi wote wananyamaza kwa pamoja.

Na hapo, msikilizaji, ndipo tunapofika kwenye hatari. Turudie hoja: hisi hutangaza kilichobadilika, na kinachobadilika polepole mno hukihesabu kama kilichozoeleka. Sasa fikiria ugonjwa unaoishambulia hisi yenyewe, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Nani atautangaza?

Anza na sikio. Sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinasukuma vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambacho ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, na kikuku kinapiga majimaji yaliyomo katika koklea, mrija uliojikunja mithili ya konokono. Humo mna seli zenye vinywele, takriban elfu kumi na tano kwa kila sikio, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya neva. Ukizaliwa nazo ndizo hizo. Kuku akiharibikiwa na seli kama hizi huotesha nyingine, binadamu haoteshi. Makelele ya kila siku yanazimaliza, na zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f na sh. Kwa hiyo mtu haoni kwamba amekuwa kiziwi. Anasikia kuna mtu anaongea, ila maneno hayamkai sawa, naye anahitimisha kwamba vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno. Mimi si adui wa muziki. Lakini spika zinazokesha kwenye disko matanga, watoto wakilala chini yake, na matatu zinazotikisa vioo kutoka Ukunda hadi Likoni, zinaweka deni ambalo litalipwa baada ya miaka ishirini na mtu ambaye hatakumbuka alikopa lini. Kipimo rahisi ni hiki: kama lazima upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, makelele hayo yanakudhuru, hata kama masikio yameshayazoea. Hasa kama yameshayazoea.

Jicho ni baya zaidi, kwa sababu ya ule ustadi wa ubongo wa kujaza mashimo. Mtoto wa jicho huleta ukungu, mtu analalamika, anafanyiwa upasuaji, anaona. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, haina adabu hiyo. Inaiharibu neva ya jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote, ikianzia na uwezo wa kuona pembeni. Mgonjwa haoni weusi pembeni. Ubongo unamjazia ukuta, unamjazia barabara, unamjazia hewa tupu pale ambapo kuna bodaboda inayokuja. Jicho la pili linaficha makosa ya mwenzake. Siku anapoanza kugongana na watu sokoni, sehemu kubwa ya neva imeshakwenda, na neva hiyo hairudi kwa dawa wala kwa kisu. Dawa zipo, lakini zinalinda kilichobaki tu. Isitoshe, watu weusi huupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu.

Kabla sijamaliza, kuna kinachopita bila mlango wowote. Jiko la makaa likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa, kwa baridi ya mvua au kwa kukausha nguo za mtoto, hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi koo. Pua haikuizoea, haikuijua kamwe. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imeisha, wakafunga dirisha, na wengine hawaamki. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, liwe na moshi au lisiwe nao.

Turudi kwenye macho na kupimwa. Najua kuna mzee ananisikiliza akisema, "Babu zetu hawakupimwa macho na waliishi." Waliishi, ndiyo. Na wengi wao walimaliza miaka yao wakishikwa mkono na wajukuu, ikasemwa ni uzee, au ni jicho la mtu, kwa kuwa hakukuwa na wa kusema vingine. Sisi tuna wa kusema. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gharama na safari, na hilo silibezi. Lakini kipimo cha kugundua glakoma ni cha muda mfupi, hakina kisu, na katika kaunti hii yetu tuna Kwale Eye Centre, na tuna hospitali ya rufaa ya Msambweni ya kuanzia kuuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina masharti. Ukifika miaka arobaini, nenda ukapimwe macho hata kama unasoma gazeti bila miwani, na umwambie daktari waziwazi kwamba unataka presha ya macho ipimwe na neva itazamwe, maana anayekwenda kutafuta miwani mara nyingi hurudi na miwani tu. Ukiwa na baba, mama, au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, usingoje arobaini. Nenda mwaka huu. Na mwenye kisukari nyumbani, leo usiku kabla ya kulala, shika unyayo wake, uugeuze kwenye taa, utazame katikati ya vidole.